Mlamba na Shuka Jeupe

Garissa, Jumamosi. Februari, 1966.

Upepo umetulia tangu alasiri na vumbi limeketi juu ya kila kitu: kitandani, juu ya Biblia ya Baba, hata juu ya daftari hili. Joto lenyewe halijapungua. Naandika haraka kwa sababu kengele ya kafyu haiko mbali. Mikono yangu inanuka dawa ya kusafishia picha na sitaki kuinawa bado.

Leo nimembishia Baba mbele ya watu.

Nimeiandika sentensi hiyo peke yake ili niione vizuri. Niliosoma nao hawataiamini. Miaka yote shuleni nilikuwa yule anayejua jibu lakini hainui mkono, na mwalimu aliponiita kwa jina nilisimama nikaangalia viatu vyangu mpaka akachoka. Nilimaliza Novemba. Rafiki yangu Habiba, msichana wa hapa Garissa tuliyelala naye bweni moja, ndiye aliyekuwa akinisemea, hata nilipotaka maji ya kunywa. Sasa Habiba amelazwa hospitalini wiki ya tatu kwa homa ya matumbo, na leo imebidi nijisemee.

Lakini nianze na ndege, maana bila ndege haya yasingetokea.

Mwalimu wetu wa jiografia alipokuwa anarudi kwao aliniachia kamera yake kuukuu, ile ya kukunja, inayofunguka kwa mbele kama kinanda cha mkono. Alisema mtu asiyesema basi na aangalie. Nikaja nayo hapa Garissa, ambako Baba alihamishiwa mwaka juzi kuwa karani wa pasi. Mama amebaki Machakos na wadogo zangu. Alisema hawezi kulea watoto mahali ambapo malori hayasafiri ila kwa msafara, na askari mbele na nyuma. Mimi nimekuja kumpikia Baba. Mchana namsaidia Bwana Awadh, mpiga picha wa hapa mjini, kuosha filamu na kukata picha. Kazi hiyo haihitaji kuongea. Ndiyo maana niliipenda.

Ndege niliyemtaka tangu siku ya kwanza ni mlamba. Ni mdogo, mweusi kuanzia mdomo hadi mkia, na mkia wake umegawanyika kama wa samaki. Macho yake ni mekundu. Ana mgunga wake karibu na mto, nje kidogo ya mji, na hapo hamwogopi yeyote. Mwewe akipita, mlamba anamfuata angani, anamtua mgongoni na kumdonoa kichwa huku wote wawili wakiruka. Na mwewe, mwenye kucha za kubebea vifaranga vya watu, anakimbia.

Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Kisha nikamwonea wivu.

Filamu ya kwanza niliipiga kama inavyoelekeza karatasi iliyomo ndani ya kasha la filamu. Karatasi ile ina mchoro wa jua na namba za kufungulia tundu la lenzi: jua kali, namba hii, mawingu, namba ile. Chini yake pana mama wa Kizungu na watoto wake wawili, wanacheka. Nikatii. Nilipiga picha kumi na mbili za mlamba, na zilipotoka anga ilikuwa nzuri, miiba ya mgunga ungeweza kuihesabu, na katikati ya kila picha palikuwa na doa jeusi lenye umbo la ndege. Hana jicho. Hana bawa. Hana hata unyoya mmoja.

Bwana Awadh alizitazama akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Binti, wewe umepiga picha ya tundu."

Akanieleza kwa upole, maana si mtu mbaya, kwamba mweusi ni mweusi. Alisema hata nikimketisha mlamba kwenye kiti cha studio, hatatoka. "Piga yangeyange wanaofuata ng'ombe. Wale wanatoka safi kama shuka langu."

Baba naye, jioni, alisema, "Picha ni za watu, Mueni. Huyo ndege amekukosea nini?"

Sikuwajibu. Lakini sikukubali pia. Watu hudhani mtu asiyejibu amekubali.

Nilirudi kuitazama filamu yenyewe. Kwenye filamu kila kitu ni kinyume: anga ni nyeusi, na kilicho cheusi ni cheupe. Mahali pa mlamba palikuwa kama kioo kitupu. Niliinua filamu dirishani nikaona nyavu za dirisha kupitia tumboni mwake. Hapo nikaelewa. Tatizo halikuwa weusi wake. Mwanga wake ulikuwapo, mdogo, na haukupewa nafasi ya kuingia. Anga kubwa nyeupe ilikuwa imeijaza lenzi, ikasema mwanga unatosha, na mimi na karatasi tukaiamini.

Kwa hiyo ningepaswa kumpimia mlamba mwanga wake mwenyewe, nisiipimie anga. Nifungue tundu zaidi ya karatasi inavyotaka, hatua mbili, labda tatu. Anga iungue ikitaka.

Filamu ya pili niliipiga hivyo, na sikuwahi kuiona. Nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya kichaka, mgunga uko mbele yangu na nyuma ya mgunga, mbali, daraja. Askari wawili wakanisimamia. Mmoja akauliza nani amenituma kupiga picha daraja. Nilitaka kusema: ndege. Neno moja, silabi mbili. Halikutoka. Nilikuwa nimeshika nyasi kwa mikono yote miwili. Akaichukua kamera, akaifungua, akaivuta filamu yote juani kama mtu anayetoa utumbo wa samaki, akanitupia mbele ya uso.

"Huyu ni mtoto wa karani," mwenzake alimwambia. "Mwache. Nadhani ni bubu."

Bubu.

Baba alisikia habari kabla sijafika nyumbani. Akanikataza kwenda mtoni. Nakiri hapa kwamba nimekwenda mara nne tangu anikataze, kamera nimeificha chini ya leso, nikipita nyuma ya machinjio ambako askari hawapendi kusimama kwa sababu ya harufu.

Filamu ya tatu Bwana Awadh alinipa kwa sababu muda wake ulikuwa umepita na hakutaka kuitumia kwa wateja. Picha nane nilizitumia kwa mlamba na kiota chake, kila picha nikibadilisha tundu la lenzi na kuandika namba kwenye kijitabu. Kiota ni kidogo kama kikombe, kimefungwa kwenye panda ya tawi. Mna makinda watatu. Nikabakiza picha nne kwa siku watakapotoka na kukaa ukingoni mwa kiota. Juzi walikuwa wameshaota manyoya. Nilihesabu kwamba Jumapili, yaani kesho, watakuwa ukingoni, na Jumatatu huenda wasiwepo.

Picha nne. Nilizilinda kuliko sukari.

Sasa kuhusu leo.

Tangu vita hivi vya serikali na waasi vichachamae, wafugaji wengi wa karibu wamekusanywa kwenye kijiji kilichozungushiwa seng'enge, na langoni kuna askari. Mpaka leo wanawake waliruhusiwa kutoka asubuhi kuuza maziwa na kutafuta kuni kwa kutaja majina yao tu. Kuanzia Jumatatu, kila anayetoka lazima awe na pasi yenye picha. Mama yake Habiba, Mama Dahabo, anaishi humo. Kila asubuhi hutembea mpaka hospitalini na kibuyu cha maziwa ya ngamia, maana Habiba hatulizwi na kitu kingine tumboni. Uji anautapika. Muuguzi aliniambia mwenyewe kwamba maziwa yale ndiyo yaliyomrudisha.

Bwana Awadh aliwapiga wanawake wa kijiji picha Jumanne, akamaliza filamu zake zote. Akategemea msafara wa Alhamisi ulete nyingine. Msafara haukufika. Na jana jioni Baba alikataa picha kumi na moja.

Leo saa mbili asubuhi wote kumi na mmoja walikuwa mlangoni mwa studio, kila mmoja na picha yake mkononi. Ofisi ya Baba hufungwa saa saba siku ya Jumamosi.

Mama Dahabo alikuwa mbele. Ni mwanamke mrefu, mkavu, na sauti yake huingia nyumbani kabla yake. Aliiweka picha mezani mbele ya Bwana Awadh.

"Hii bicha ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Mimi iko na macho. Iko na bua. Hii hana macho, hana bua." Aligusa pua yake ili isiwepo shaka. "Hii ni sufuria nimefunika na kitambaa."

Mwenzake aliyekuwa nyuma, mfupi, wanayemwita Eddo Rukia, yaani shangazi Rukia, akanyoosha yake. "Yako afadhali. Yangu haina hata sufuria. Ni moshi."

Wakacheka, lakini si kicheko cha kufurahi. Bwana Awadh alifuta miwani. Alisema picha ameipiga vizuri, kwa kipimo sahihi, kama karatasi inavyosema. Alisema wao ni weusi, jua la hapa limewazidisha, na shuka ni jeupe, afanye nini? Alisema msafara ukija atawapiga tena bure.

"Msafara inakuja lini?"

"Inshallah, wiki ijayo."

"Mtoto yangu anakunywa nini mpaka wiki ijayo? Inshallah?"

Mimi nilikuwa pembeni na beseni la maji. Niliziangalia picha zile mezani, kumi na moja, na nikawaona walamba wangu. Palepale. Shuka jeupe kama anga, safi, lenye kila mkunjo wake, na mbele yake tundu lenye umbo la mtu. Bwana Awadh alikuwa amelipimia mwanga shuka lake. Tena lipo jambo moja ambalo yeye kama mwanamume hakuliona: wanawake hawa, mbele ya kamera ya mwanamume, waliinamisha kidevu na kuvuta mtandio mbele ya paji la uso, kwa adabu. Kwa hiyo hata mwanga ule mdogo waliokuwa nao aliupoteza.

Karatasi ile haimjui mlamba. Wala haimjui Mama Dahabo.

Nilikuwa na picha nne. Nilikuwa najua la kufanya, au nilidhani najua. Na nilijua pia kwamba nikinyamaza hakuna atakayenilaumu, kwa sababu hakuna anayenitegemea kusema.

"Ni shuka," nilisema.

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, na safari hii sauti ilitoka kubwa kupita kiasi, kama mlango uliokwama ukifunguka ghafla. "Ni shuka, Bwana Awadh. Shuka linakudanganya. Waketi kwenye kivuli cha ukuta, bila shuka. Nina filamu."

Wote kumi na mmoja waligeuka. Eddo Rukia alimwuliza Mama Dahabo, "Kumbe huyu anaongea?"

Bwana Awadh alisema mimi ni mtoto, nimepiga kunguru wawili sasa namfundisha kazi ya miaka ishirini. Nikamwambia si kunguru, ni mlamba. Nadhani hicho ndicho kilichomshangaza zaidi. Alirudisha miwani usoni, akasema, "Haya. Zikiharibika, utawaeleza wewe."

Picha nne, wanawake kumi na mmoja. Niliwapanga mmoja mmoja akilini mwangu, haikutosha. Kisha nikakumbuka kazi yangu ya kila siku ni kukata picha kwa mkasi. Nikawaketisha wanne kwenye benchi, bega kwa bega, kwenye kivuli cha ukuta wa udongo nyuma ya studio. Wanne, wanne, watatu: picha tatu tu. Ningekuza, ningekata nyuso. Na ingebaki picha moja ya makinda.

Nilimwomba Bwana Awadh aingie ndani. Aliingia, akinung'unika. Alipoondoka tu, mitandio ikarudi nyuma yenyewe na videvu vikainuka. Niliwasogelea, nikaangalia mwanga kwenye mashavu yao na si ukutani. Nikafungua tundu hatua mbili zaidi ya karatasi, kisha kidogo zaidi.

Sikuwaambia kwamba sijawahi kuona hata picha moja iliyotoka kwa njia hii.

Benchi la kwanza lilikaa kama mawe. La pili vilevile. La tatu lilikuwa na Mama Dahabo, Eddo Rukia na mwanamke mwingine kijana. Kwenye kivuli, kifyatulio kinakwenda polepole, mtu akitikisika anapotea. Nikasema, "Msicheke sasa," na Eddo Rukia, bila kusogeza midomo, akasema, "Dahabo, funga mdomo, sufuria haina meno."

Mama Dahabo alicheka. Nilimwona kwenye lenzi akicheka, kichwa chote kikienda nyuma, na kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza.

Wenzake wawili walikuwa wametulia. Yeye peke yake nilijua ameharibika.

Hapa nataka kuwa mkweli, maana mahali pengine sitasema. Yeye hakujua. Hakuna aliyejua ila mimi. Alikuwa anafuta machozi ya kicheko na anainuka. Nami nikafikiri juu ya ukingo wa kiota, na makinda watatu wamekaa mstari mmoja, na nikafikiri kwamba labda uso wake haukutikisika sana, labda Baba atapokea. Nikafikiri kwamba hata asipopokea ni wiki moja tu. Nilifikiri hayo yote, nikihesabu wiki moja ya Habiba kama kitu kidogo. Yule yule aliyenisemea miaka yote.

Naona aibu hata kuandika.

"Mama, keti tena," nilisema. "Wewe peke yako."

"Nimeharibu?"

"Keti tu."

Akaketi. Hakucheka. Alinitazama moja kwa moja, macho yake yamejaa mwanga wa uwanja mzima, na nilimpa picha yangu ya mwisho.

Chumba cha giza hapa ni tanuri. Bwana Awadh alisimama nami, tukitoa jasho, mpaka filamu ilipotoka kwenye dawa ya mwisho. Tukaitundika dirishani, na joto la Garissa, ambalo hulaumiwa kwa kila kitu, likaikausha kabla hajamaliza sigara. Akaishika kwa ncha za vidole.

Picha tatu za kwanza za mlamba zilikuwa bado kioo kitupu. Ya nne ilikuwa na kivuli. Ya tano, nilipumua. Na ya saba jamani, ya saba. Anga ilikuwa imeungua yote, hakuna miiba, hakuna wingu. Lakini mlamba alikuwa na manyoya, moja juu ya jingine, kama vigae vya paa, na kila moja lina ukingo wake wa mwanga. Alikuwa na jicho. Alikuwa amenigeuzia kichwa ananiangalia kama anayesema umechelewa.

Si mweusi mtupu hata kidogo. Sijui watu waliona nini miaka yote.

Bwana Awadh aliangalia ndege muda mrefu. Kisha akaangalia wanawake waliofuata kwenye filamu hiyohiyo, nyuso kumi na moja zenye mashavu na paji na kope. Akasema, "Leta karatasi ya kuchapia." Ndiyo samahani yake. Nimeipokea.

Tulifika ofisini saa sita na nusu, wanawake wote na mimi nyuma yao. Nilidhani kazi imekwisha.

Baba alipanga picha mezani, akachukua kitabu cha kanuni, akaweka kidole. Hakuniangalia kama binti yake. Ofisini haniangalii hivyo. Alisema kanuni inataka picha iwe na mandhari nyeupe. Huu ni ukuta wa udongo. Hawezi kupokea.

Chumba kilikuwa kimejaa. Walikuwapo wafanyabiashara, mzee mmoja kutoka Liboi aliyekuja kwa shauri la mifugo yake, na askari mlangoni, tena yule yule aliyeniita bubu. Mama Dahabo alikuwa ameshika kibuyu cha Habiba, kitupu, kile cha kubebea maziwa ya Jumatatu. Alimwangalia Baba, kisha akaniangalia mimi. Hakusema kitu. Mama Dahabo, hakusema kitu. Nadhani alikuwa amechoka hatimaye.

Nikasogea mpaka mezani.

"Baba," nilisema, "kanuni inatafuta uso au inatafuta ukuta?"

Aliinua kichwa.

"Jana ulipewa shuka bila uso ukakataa, na ulikuwa na haki. Leo umepewa uso bila shuka. Ukikataa na leo, basi langoni askari atakuwa anamtambua nani? Shuka?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Baba hajawahi kusikia sentensi nne kutoka kwangu mfululizo, hata nyumbani. Shingo yake ilikuwa imevimba kidogo, kama inavyovimba anapotaka kunikemea, lakini sikuangalia viatu.

Ndipo Mama Dahabo alipoichukua picha yake mezani, akaiweka kando ya shavu lake, akainama mpaka usoni pa Baba.

"Karani. Mimi ni hii, ama mimi si hii?"

Baba aliangalia picha. Akamwangalia yeye. Akaangalia picha tena. Baba anapenda kanuni kwa sababu, kama asemavyo, bila kanuni mtu mkubwa atamfanyia mdogo apendavyo. Naamini hilo ndilo alilokuwa akilifikiria, kwa sababu hatimaye alifunga kitabu kwa utaratibu, kama anayemlaza mtoto.

"Ni wewe," alisema.

Akagonga muhuri. Mara kumi na moja. Saa saba ilikuwa imepita kwa dakika chache na hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Nje, Mama Dahabo alinishika mkono. Hakunishukuru, alinivuta tu mpaka hospitalini pamoja naye. Tulipofika alimwambia Habiba kwa Kisomali maneno mengi huku akinionyesha kwa kidole, na Habiba, amekonda mpaka macho yamekuwa makubwa, akaniuliza, "Abaayo, dada yangu, ni kweli umeongea? Mimi nikiwa nimelala hapa? Ungengoja nipone nione."

Nikamwambia nitaongea tena akipona. Nimeahidi, basi.

Chakula cha jioni Baba amekula chote, na kando ya sahani nilikuwa nimemwekea ile picha ya saba ya mlamba, tuliyoichapa mwisho. Nilipokuwa naondoa sahani alisema kesho baada ya kanisa nikae nyumbani, mtoni si mahali pa msichana wakati huu, na kwamba nilichofanya leo ofisini nisikifanye tena. Nikasema nimesikia. Kisha, akiwa amefungua Biblia lakini hajaanza kusoma, akauliza, "Huyo ndege wako. Macho yake ni mekundu kweli?"

"Mekundu, Baba."

"Kwenye picha hayaonekani mekundu."

"Hayaonekani. Lazima uende umwone."

Akaanza kusoma. Hakunikataza mara ya pili. Lakini hata angenikataza, nimeshaamua, na nataka iandikwe hapa kwa wino ili kesho asubuhi nisijidanganye.

Kesho nitakwenda mtoni kuwaona makinda. Filamu imekwisha na sijui msafara utakuja lini, kwa hiyo picha ya makinda hawa watatu ukingoni haitakuwepo kamwe. Inaniuma. Sitasema hainiumi. Lakini kamera nitaibeba. Nitakaa chini ya mgunga, nitampimia mlamba mwanga wake, nitaandika namba kwenye kijitabu, ili filamu ikifika nisiipoteze hata moja.

Sitapita nyuma ya machinjio. Nitapita barabara kubwa, na kamera haitakuwa chini ya leso. Itakuwa kifuani, imefunguliwa, kila mtu aione. Askari akitaka kuifungua, na aifungue. Hakuna cha kuvuta.

Na akiniuliza napiga picha nini, nina neno lake tayari. Nimelisema peke yangu mara nyingi jioni hii, kwa sauti, mpaka Baba akagonga ukuta.

Ndege.